Jembe la Mwaka wa Saba

Jumamosi, 21 Machi
Jana Idd, leo mvua. Daftari hili ni la vipimo vya wateja: kwa mbele yapo mabega na viuno vya nusu ya mtaa wetu wa Rwezamenyo, Kigali. Nimeligeuza, naandika kwa nyuma, kwa sababu Pude anaondoka na sina wa kumwambia ninavyojisikia ila yeye mwenyewe.

Ameniambia kwenye uwanja wa gofu, tukiwa tumejibanza chini ya bati la wabeba fimbo tukingoja mvua ipungue. Pudentienne, rafiki yangu tangu darasa la pili, muuguzi wa hospitali ya Kibagabaga kwa miaka ishirini na tisa, anastaafu. Mwisho wa mwezi wa tano anahamia Rusizi, mbali huko magharibi, kwa mwanawe Manzi, akalee mjukuu. Alilisema huku anafuta fimbo yake, kama anayezungumzia hali ya hewa. Nikamwambia hongera. Nikapiga mpira ukaingia majani marefu, tukacheka kama kawaida. Nyumbani nikakata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika, ili nipate sababu ya macho kuwa mekundu.

Jumapili, 22 Machi
Sibomana, mume wangu, kaniuliza naandika nini. Nimemwambia vipimo. Kasema mteja gani huyo wa kurasa mbili.

Basi niseme mambo yalivyo. Miaka saba iliyopita niliitwa uwanja wa gofu kupima overoli za wabeba fimbo. Siku hiyo kulikuwa na mafunzo ya bure kwa wanawake, pamoja na chai. Nikampigia Pude simu aje kwa ajili ya chai. Tukanywa, tukapewa fimbo tujaribu, na mpaka leo hatujazirudisha. Nawashonea overoli, nao wanatuacha tucheze Jumamosi.

Kila mwezi wa tano kuna mashindano ya wawili wawili. Mnacheza mpira mmoja kwa kupokezana: nikipiga mimi, pigo linalofuata ni la mwenzangu, mpaka mpira uingie shimoni. Mashimo tisa. Wawili wa mwisho hupewa jembe. Jumamosi inayofuata hulima bustani ya maua iliyo mbele ya jengo, nyuma kidogo ya shimo la tisa, wenzao wakiwa wamekaa barazani na vikombe vya chai, wanawasimamia. Kisha jembe linakaa kwao mwaka mzima.

Sisi tumelipata mara sita. Mashindano sita, jembe lilelile. Linaning'inia dukani kwangu kando ya kioo, na mteja mgeni lazima aulize kama nashona au nalima.

Na hili sijawahi kulitamka: Pude anajua kucheza. Mpira wake unakwenda mbali na unakwenda anakotaka. Anayetupeleka mkiani ni mimi. Fimbo yangu inapanda vizuri, inashuka vizuri, ikigusa mpira inasimama kama imegonga ukuta. Mpira unaruka hatua hamsini, unachoka. Mwaka juzi Mukunde, yule wa ofisi za serikali za Kacyiru, alimwomba Pude wacheze pamoja. Pude akajibu kwamba ana mtu. Hakuniambia, niliambiwa na watu.

Nataka aende Rusizi bila jembe. Mara moja tu.

Jumanne, 24 Machi
Nimepata mwalimu. Anaitwa Kirezi, miaka ishirini na saba, amekulia Kampala, alianza kwa kubeba fimbo za watu na sasa watu wazima wanamwogopa. Kanirekodi kwa simu, kanionyesha. Yarabi. Miaka yote hii nilidhani napendeza.

"Mama, iko kitu inakushika," kasema. "Bado sijui ni nini. Tutaitafuta."

Jumamosi, 28 Machi
Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tumezibua mtaro wa mtaa mpaka saa tano. Mchana mvua ya kumwaga. Pude kapiga simu kuuliza kama nimekumbuka kumpunguzia gauni la kuagia kazini. Nimemwambia nimekumbuka. Sikuwa nimekumbuka.

Jumanne, 31 Machi
Kirezi kanifanya nipige na taulo kwapani. Kisha nimesimama kwa mguu mmoja. Kisha nimefumba macho. Fimbo inasimama palepale.

Jumamosi, 4 Aprili
Mvua. Pude kashinda mchezo wa karata, kaniibia. Naandika iwe kumbukumbu.

Jumanne, 7 Aprili
Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Uwanja umefungwa. Pude huja kwangu siku hii kila mwaka. Amekuja, tumekaa.

Jumatano, 15 Aprili
Leo mwenye kucheka acheke, maana hata mimi nimecheka.

Kirezi alileta suruali nimkatie urefu. Nikamwambia akae asubiri, ni kazi ya dakika kumi. Akakaa kwenye gunia la vipande, anatafuna karanga. Nikashona pindo la mguu wa kwanza. Nikaanza la pili, na nilipofika mwisho akasema nisimame.

"Rudia hiyo."

Nikamuuliza nirudie nini, pindo limekwisha.

"Hiyo mkono. Mkono wa kuume. Imefanya nini?"

Nikaweka kitambaa kibovu, nikakanyaga cherehani, nikashona mpaka ukingoni. Ndipo nikauona mkono wangu mwenyewe, kama wa mtu mwingine. Kitambaa kikikaribia kwisha, mkono wa kulia unakiacha, unaruka kwenye gurudumu la cherehani, unalibana. Sindano inasimama uzi mmoja kabla ya ukingo. Kila fundi wa cherehani ya miguu anafanya hivyo, la sivyo sindano inapitiliza na kazi inaharibika. Nimefanya hivyo miaka thelathini na moja. Marehemu bibi yangu aliyenifundisha alikuwa akinipiga vidole na rula kila nilipopitiliza.

Kirezi alicheka mpaka karanga zikamwagika kwenye gunia. Kisha akasimama, akawa mwalimu tena.

"Mama, wewe ukiona mpira unafikiri nguo imeisha. Mpira haiko mwisho. Mpira iko katikati ya njia, fimbo inapita tu, inaendelea na safari yake."

Nikamwambia sawa, nimeelewa, kesho nitaacha. Akanitazama kwa huruma.

Alhamisi, 16 Aprili
Sikuacha.

Jumamosi, 18 Aprili
Nikiukataza mkono usibane, unabana mapema zaidi. Leo fimbo imesimama kabla ya kufika kwenye mpira. Mpira hata haukujua kama nipo. Pude kaniuliza ni nini hicho. Nikamwambia ni mafunzo. Kapiga pigo lake bila utani, na Pude asipotania ujue kuna jambo.

Jumatano, 22 Aprili
Sifa hii ni yangu, simpi mtu.

Asubuhi aliingia mama mmoja, anataka kitenge cha harusi, akanionyesha jora lililo juu kabisa. Nikalishusha, nikashika ncha, nikalirusha mezani kama ninavyorusha siku zote. Jora likabingirika, kitambaa kikafunguka mpaka mwisho wa meza na kupita, mikono yangu yote miwili ikabaki hewani upande wa pili, juu ya bega. Nikaganda hivyohivyo. Mkono wa kulia haukubana chochote. Hakuna gurudumu kwenye jora, hakuna ukingo; ukilirusha umelirusha.

Mteja kaniuliza kama naumwa mgongo. Nikamwachia kitambaa, nikatoka nje kumpigia Kirezi simu. Nilirudi nikamkuta bado ameshika kitenge anangoja bei. Alinunua, Mungu ambariki.

Ijumaa, 24 Aprili
Nimepanda pikipiki na jora la kitenge begani, dereva kapita Kacyiru polepole kwa heshima kama amebeba bibi harusi. Kirezi kanipanga kilimani, mgongo kwa jengo. Narusha jora majanini, nalikunja, narusha tena. Mara ishirini. Kisha nashika fimbo. Wabeba fimbo wakajipanga mstari kutazama, mmoja akauliza kama kuna rangi ya bluu.

Pigo la kumi na tatu halikusimama. Sikuuona mpira ulikokwenda kwa sababu sijazoea kutazama mbali hivyo. Nikapiga kigelegele, nikasahau niko wapi.

Nilipogeuka, Pude alikuwa kwenye baraza, bado na sare ya kazi. Kasema tumegeuza uwanja kuwa soko. Nikamwambia aone pigo jipya. Nikapiga, nikaukosa mpira kabisa.

Jumanne, 28 Aprili
Pigo moja zuri, manne mabaya.

Ijumaa, 1 Mei
Mawili mazuri, matatu mabaya. Mvua imelowesha jora, Sibomana kalianika kwenye waya mbele ya duka, kawaambia majirani mkewe anacheza gofu na nguo za duka. Anajivuna, ila hataki kuonekana anajivuna.

Jumamosi, 9 Mei
Siku mbaya. Naandika yote.

Leo tulicheza mashimo tisa mazima, mimi na Pude, kama itakavyokuwa kwenye mashindano. Asubuhi ilinyesha, nyasi zilikuwa nzito. Nilikuwa nimejiahidi kutumia pigo jipya tu, lolote litakalotokea. Yaliyotokea ni haya: niliukosa mpira mara nne, nikautia kijitoni mara mbili, na mara moja nikaupeleka mbali sana, mbali na vizuri, ila upande wa barabara. Kila nilichoharibu, Pude alikwenda kukitengeneza. Alikuwa akitembea mbele yangu, viatu vimejaa tope, anapiga, anaendelea.

Shimo la nane aliweka begi chini.

"Hidaya, pigo lako la zamani lilikuwa baya, lakini nilikuwa nalijua," alisema. "Nilikuwa najua mpira wako unaangukia wapi kabla hujapiga. Nilikuwa natembea moja kwa moja mpaka hapo. Sasa sijui nikusubiri wapi."

Nikasema ninajaribu.

"Nimebakiwa na Jumamosi tatu, ma chère. Nilitaka tucheze. Wewe umezifanya darasa."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia kama anataka mtu wa uhakika, Mukunde yupo, aende akacheze naye. Nilipolisema tu nikatamani ulimi wangu uwe na gurudumu la kubana. Pude akachukua begi, akamaliza shimo la tisa kwa mapigo yake na yangu. Tuliachana getini. Hakusema kesho wala lini.

Jumatatu, 11 Mei
Nimemshonea mtu mikono miwili ya kushoto.

Jumanne, 12 Mei
Nimekwenda uwanjani peke yangu bila kumwambia Kirezi. Nimepiga pigo langu la zamani. Hatua hamsini, hatua hamsini, hatua hamsini. Lile lile, halijanisahau. Nikaona aibu jinsi nilivyofurahi.

Alhamisi, 14 Mei
Nilimwambia Kirezi anirudishie pigo la zamani, nimeshindwa, siku tisa haziwezi kushinda miaka thelathini na moja. Hakukasirika. Alisema ninaweza kulirudia hata leo, hakuna atakayenikamata. Kisha akaniuliza kwa nini nilimtafuta mwezi wa tatu.

Nikamweleza. Kwamba jembe ni langu, Pude hubeba nusu yake tu kwa wema. Kwamba kila mwaka hulima bustani ile kwa mgongo wa mtu aliyesimama usiku mzima wodini, na anaimba, na anapanda maua ya marigadi kwa mistari iliyonyooka, na hajawahi hata siku moja kunitazama kwa jicho la lawama. Nilikuwa nalia tayari.

"Basi hiyo pigo haiko yako tena kurudisha," Kirezi kasema. "Umeshamkatia Pude."

Ninapokuwa nimeshamkatia mtu kitambaa, sirudishi kwenye jora. Anajua hivyo, kaniona kazini. Nikafuta uso, nikapiga pigo jipya mara hamsini.

Jumamosi, 16 Mei
Pude hakuja. Nimepiga na Kirezi. Matatu mazuri, mawili mabaya.

Jumatano, 20 Mei
Mchana Pude kaingia dukani. Hakukaa. Kachukua gauni lake, kalisifu, kasema Jumamosi saa mbili kamili nisichelewe. Kisha akapanda kiti, akalitungua jembe ukutani, akaondoka nalo kwenye pikipiki.

Nimekaa nikitazama alama nyeupe iliyobaki ukutani. Analifunga kwenye mizigo ya Rusizi. Ameshajua litakuwa letu tena, hataki hata kusubiri. Sikumlaumu, ila iliniuma.

Jumamosi, 23 Mei
Niko kitandani, miguu kwenye beseni la maji ya moto, Sibomana kakatazwa kuniongelesha mpaka niandike.

Anga lilikuwa jeupe asubuhi, mara ya kwanza kwa wiki mbili. Tulipangwa pamoja na Mukunde na bwana Zephaniah, mkubwa fulani wa Kacyiru mwenye viatu vyeupe na maneno mengi. Akauliza kama safari hii tutapanda karoti. Mimi nilikuwa namtafuta Pude.

Akaja na begi la fimbo bega moja, na bega la pili kitu kirefu kimefungwa kwenye kitenge cha kijani na njano. Akakiegemeza barazani, akakifungua. Jembe. Lilikuwa limesafishwa mpaka linang'aa, limenolewa, limetiwa mpini mpya uliopakwa mafuta.

"Halifai kukabidhiwa watu na kutu," alisema. Alimwambia Zephaniah, kwa adabu kabisa, lakini alikuwa ananitazama mimi.

Nilishika mkono wake, akanibana vidole, tukaenda kucheza.

Sitaandika mashimo yote. Mengine nilipiga vizuri, mengine nilipiga ovyo. Shimo la pili niliukosa mpira, Zephaniah akakohoa. Shimo la tano fimbo yangu ilipita mpaka ikanigonga mgongo na mpira ukaenda moja kwa moja. Pude akatembea, akatembea, akageuka kunitazama kwa mbali, mikono kiunoni, kwa sababu hajawahi kutembea hivyo kuufuata mpira wangu. Tulipofika shimo la tisa, wawili wawili wengine wote walikuwa wametushinda kwa mbali. Jembe lilikuwa kati yetu na Mukunde na Zephaniah, na tulikuwa sawa, mapigo sitini na moja kwa sitini na moja.

Wao walimaliza shimo la tisa kwa saba. Sisi Pude alikuwa ameanza, mimi nikafuata, yeye akapiga la tatu, mpira ukakaa mbele ya kijito. La nne langu. Ng'ambo kuna nyasi fupi na shimo, nyuma yake bustani ya maua, kisha baraza ambako kila mtu alikuwa amesimama na chai. Kwa pigo la zamani ningeutia kijitoni bila wasiwasi wowote.

Mkono wa kulia ulishaanza kukaza. Niliusikia. Pude akasogea, akanisemesha chinichini:

"Rusha jora."

Nikarusha. Fimbo ikapita, ikaendelea na safari yake, nikabaki mikono begani kama mbele ya yule mteja wa harusi. Mpira ukavuka kijito, ukavuka nyasi fupi, ukavuka shimo lenyewe, ukawa unaelekea barazani kwenye vikombe. Watu wakainama. Mpira ukaangukia kwenye bustani ya maua, pu, ukatulia hapohapo. Haukudunda hata kidogo.

Nikasema nimeharibu, nimezidisha. Pude alikuwa ameshashika njia, anakaribia kukimbia. Miaka sita tumeilima bustani ile. Udongo wake ni laini kama unga, hakuna mpira unaoweza kudunda pale, na hakuna mtu Kigali nzima anayeujua kama sisi. Kwenye uwanja wetu mpira hupigwa pale ulipolala, hata mauani. Pude akaingia kati ya marigadi bila kukanyaga hata moja, akachomeka fimbo chini ya mpira, akauinua na konzi ya udongo. Ukabingirika mpaka hatua moja kutoka shimoni. Nikauingiza. Sita.

Sitini na saba kwa sitini na nane.

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Pude alikaa chini, katikati ya maua, na sare yake nyeupe ya gofu, akacheka huku machozi yanamtoka. Kirezi aliruka ukingo wa baraza na karanga mkononi. Kisha Pude akainuka, akajipangusa, akalichukua jembe kwa mikono yote miwili kama mtoto wa kubatizwa, akamkabidhi Zephaniah. Akamwonyesha pa kushika. Akamwambia mistari ya marigadi anyooshe, la sivyo atarudi kutoka Rusizi kukagua.

Jumamosi, 30 Mei
Umuganda, kisha uwanjani. Tumekaa barazani, mimi na Pude, tumekunywa vikombe vitatu kila mmoja. Zephaniah analima vibaya. Tumemwambia.

Jumapili, 31 Mei
Basi la saa moja asubuhi. Alikuwa na mabegi manne na fimbo zake. Tulisimama tumeshikana kwenye kituo mpaka kondakta akatuomba msamaha. Pude alisema mwakani mwezi wa tano niandikishe majina yetu mapema. Kisha akanipa kile kitenge cha kijani na njano, akasema niamue mwenyewe cha kushona.

Jumatano, 3 Juni
Jua kali, vumbi limeanza. Pude katuma sauti kwenye simu: amelima bustani mbele ya mlango wa Manzi, majirani wanamuuliza kafundishwa wapi. Nimeirudia mara nne mbele ya wateja.

Leo nimekata kitenge sehemu mbili, sketi ya kuchezea yake na yangu. Ya kwake nimeishona kwanza ili iwahi basi la Ijumaa. Nimefika mwisho wa pindo, na mkono wa kulia haukwenda kwenye gurudumu. Sindano imepitiliza ukingo vidole vitatu, imeshona hewa. Miaka thelathini na moja, na sasa hivi ndipo bibi angenipiga rula.

Nilishika kisu cha kufumulia, nikakiweka tena chini. Nimekata uzi tu, mkia wake nimeuacha unaning'inia pale ulipopitiliza. Pude akivaa atauona.